Bibi amechoka na kituo kiko tayari: niwapeleke watoto?

*"Mimi ni afisa ustawi wa jamii wa kata, Mkoa wa Njombe, mwaka wangu wa pili kazini. Nina shauri la bibi wa miaka 67 anayelea wajukuu watatu: msichana wa miaka 11, mvulana wa miaka 8 na mdogo wao wa miaka 3. Mama yao alifariki mwaka jana. Baba yuko machimboni Chunya, simu yake inapatikana mara moja moja. Yule wa miaka 8 anatumia dawa za VVU na amekosa kliniki mara mbili kwa sababu magoti yanamsumbua bibi. Kuna siku wanakula mlo mmoja. Kuna makao ya watoto kama kilomita 40 kutoka hapa, na wafadhili wake wamesema watawachukua wote watatu na kuwasomesha mpaka chuo. Bibi mwenyewe analia, anasema wapeleke mwanangu, mimi nimechoka. Mwenyekiti wa kijiji anasubiri barua yangu. Mchungaji ananiuliza kila Jumapili kwa nini nachelewa. Chuoni tulifundishwa familia kwanza, lakini hii familia haina unga. Nikikataa, siwadhulumu watoto? Na mchungaji nimjibu nini?"*

Mdogo wangu, pole na kazi. Nitajibu kwa urefu kwa sababu swali hili si la kata yako peke yake. Nimelisikia Makete, nimelisikia Mufindi, na kila mara huja na machozi ya bibi ndani yake. Kwanza nikupongeze kwamba barua bado hujaiandika. Mimi nilipokuwa na mwaka wa pili kazini nilikuwa nimeshaandika nne.

Umeliweka shauri kama mashindano: familia upande huu, kituo upande ule, wewe katikati na muhuri mkononi. Ukiliweka hivyo kituo kitashinda kila siku, maana kituo kina unga. Hebu soma tena ulichoandika. Magoti ya bibi yanauma. Mtoto amekosa kliniki. Kuna siku za mlo mmoja. Baba hapatikani. Hakuna mstari unaosema bibi anawapiga, anambagua mmoja wao, au kuna mtu anayewadhuru pale nyumbani. Malezi yapo. Kinachokosekana ni chakula, nauli na baba, na vitu hivyo vitatu vinaweza kutafutwa bila kuwahamisha watoto kilomita 40.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu ndipo kazi yetu inapokosewa zaidi. Msaada ukiwa kituoni na mtoto akiwa kijijini, tunamhamisha mtoto aufuate msaada. Mara chache sana tunauliza kama msaada wenyewe hauwezi kuhama. Fedha ya mfadhili ina njia yake: inafuata kitanda, sare na picha ya mtoto aliyesimama mbele ya jengo lenye bango. Bibi aliyekaa jikoni kwake hana bango. Sisemi wenye vituo ni watu wabaya, wengi nimefanya nao kazi na wana moyo. Lakini kituo chenye vitanda vitupu kinahitaji watoto, kama shule binafsi inavyohitaji wanafunzi, na wewe ndiye uliyeshika mlango. Ukilijua hilo hutaona ajabu kwamba wamekubali watoto watatu kabla hata hujamaliza kuandika tathmini ya kaya.

Sheria nayo iko wazi kuliko mwenyekiti anavyodhani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na hairuhusu anyimwe haki hiyo mpaka mahakama ione kwamba kuishi nao kutamdhuru, kutamtia kwenye mateso, au hakuna maslahi kwake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa 2009, inasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwenye familia, bali uwe ishara kwamba familia hiyo inahitaji kusaidiwa. Kwa hiyo usipoandika barua huvunji utaratibu wowote. Ndio utaratibu wenyewe.

Sasa bibi. "Nimechoka" umelichukua kama uamuzi. Mimi nalichukua kama dalili, kama mgonjwa anaposema kichwa kinauma. Hukusema huyu ni bibi mzaa mama au mzaa baba. Nenda kaulize, maana jibu linabadilisha shauri zima. Kama ni mzaa mama, basi mwaka jana amemzika mtoto wake mwenyewe, na hakuna aliyempa nafasi ya kulia kwa sababu siku ya tatu baada ya msiba kulikuwa na watu watatu wanaotaka uji. Tena huenda upande wa baba wanasema watoto ni wa mama kwa sababu mahari haikumalizwa, na upande wa mama wanasema watoto ni wa ukoo wa baba, na katikati ya maneno hayo yuko mzee mmoja na sufuria. Kama ni mzaa baba, basi anabeba aibu ya mwanawe aliyekwenda Chunya akanyamaza. Uchovu wa namna hiyo haupimwi kwa magoti.

Kuna swali ambalo nimewauliza mabibi wengi nikiwa peke yangu nao, mwenyekiti na mchungaji wakiwa hawapo: "Bibi, kama kila mwezi zikija debe mbili za mahindi, na akapatikana mtu wa kumpeleka huyu kliniki, bado ungetaka waende?" Wengi hukaa kimya, halafu husema, "Aaa, kama hivyo..." Wachache husema ndiyo, bado nataka waende. Hao wachache wasikilize kwa makini. Bibi ana haki ya kukataa mzigo huu, na ukimlazimisha watoto ndio watakaolipia. Ila uliza kwanza. Kulia mbele ya afisa, mwenyekiti na mchungaji si sawa na kukubali.

Niende kwenye watoto wenyewe, nikianza na mdogo, kwa sababu kwake muda ni mkali. Mtoto wa miaka 3 anajijenga kwa kumshika mtu mmoja anayemrudia: anayemwogesha, anayejua kilio chake cha njaa na kilio chake cha usingizi. Huyu alishampoteza mmoja mwaka jana. Kituoni, hata kile kizuri, walezi wanapokezana zamu, wanaacha kazi, wanahamishwa. Huko Bucharest nchini Romania watafiti walianza kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa kwenye vituo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nusu yao walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, yaani familia zisizo za ndugu zinazomlea mtoto kwa muda, nusu wakabaki katika utaratibu wa kawaida. Waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, na waliofaidika zaidi ni wale waliohamia kabla ya kufika kama miaka miwili. Labda na wewe umewahi kwenda kituoni ukakuta mtoto mdogo anakukimbilia, anakukumbatia, anakuita mama wakati hajawahi kukuona. Wageni hupiga picha na kusema ana furaha. Kitaalamu hiyo ni dalili ya mtoto asiyejua nani ni wake.

Lakini nisikudanganye kwa kukupa ushahidi wa upande mmoja. Kuna utafiti mkubwa ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Duke, matokeo yake ya mwanzo yakatoka 2009, uliowafuata watoto zaidi ya 2,800 wa miaka 6 hadi 12, yatima na waliotelekezwa, katika nchi tano: Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na kwetu Tanzania, eneo la Moshi. Huo haukukuta kwamba watoto wa vituoni wana hali mbaya zaidi kuliko wale wa majumbani kwa afya, akili au hisia. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa kati ya kituo na kituo, na kati ya nyumba na nyumba. Wapo wenzetu wasiopenda kuutaja. Mimi nautaja, kwa sababu unatufundisha kwamba neno "familia" halilishi mtoto. Kwa msichana wako wa miaka 11, kituo kizuri kinaweza kuwa salama kuliko nyumba ya shangazi asiyempenda. Kwa yule wa miaka 3 sioni hoja hiyo ikisimama kirahisi, kwa kuwa utafiti ule haukuwahusu watoto wa umri wake. Na hawa ni ndugu. Hutaki kuwagawa.

Nikueleze kuhusu barua yangu moja kati ya zile nne. Alikuwa mvulana wa miaka 6, bibi yake amechoka kama huyu wako, kituo kiko tayari kama hiki chako. Nilimpeleka mwenyewe kwa gari la halmashauri, na nilijisikia vizuri mwezi mzima. Alisoma, alivaa viatu, alijua kompyuta. Alipofika 18 ufadhili ukaisha, akarudi kijijini. Bibi alikuwa hai bado, ila Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu, na kijana alikuwa amesahau Kibena chote isipokuwa salamu ya "kamwene". Walikaa kwenye benchi moja wanatazamana. Shamba la baba yake alikuwa analima baba mdogo, na hakuna aliyeona sababu ya kumrudishia mgeni. Hakuna mtu aliyemtesa mtoto yule. Jalada lake ni safi kabisa, unaweza kulikagua ukurasa kwa ukurasa. Nilichokosea ni kudhani kwamba nimefunga shauri, kumbe nimeliahirisha kwa miaka 12.

Basi, unga. Najua unasubiri hapa.

Kabla ya mpango wowote wa muda mrefu, wiki hii kaya hii ipate chakula, kwa njia yoyote halali: mfuko wa kanisa, msikiti, wafanyabiashara wa mnadani, walimu, kamati ya kijiji ya MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Huwezi kufanya kikao cha maana na mtu mwenye njaa. Siku hiyohiyo mpime yule mdogo mkono kwa utepe wa lishe, au mwombe mhudumu wa afya wa jamii ampime. Ikisoma chini ya sentimita 11.5, yaani rangi nyekundu, au miguu yake imevimba, huo si ustawi tena, ni hospitali, siku hiyohiyo.

Halafu tafuta baba kama mtu anayemtafuta mdaiwa. Kutopokea simu si kifo. Wachimbaji wa Chunya wana makambi, makambi yana wenyeviti, na halmashauri ile ina afisa ustawi wa jamii kama wewe. Mpigie, mtumie jina na mahali anapodhaniwa kuwa, Makongolosi au kwingine. Sheria inamtaka mzazi atoe chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na mahakama inaweza kumwamuru atoe matunzo. Mimi huanza na lugha laini: mwambie mtoto wake amekosa dawa mara mbili. Wanaume wengi niliowafuata machimboni hawakuwa wamewakimbia watoto, walikuwa wanaona haya kurudi mikono mitupu, na kila mwezi unaopita haya inazidi. Ukimtajia kiasi kidogo cha kutuma, elfu ishirini kwa namba ya simu ya jirani anayeaminika, unamfungulia mlango. Asipoitikia lugha laini, ile ya mahakama ipo.

Baada ya hapo itisha kikao cha ukoo, pande zote mbili. Nchi ya New Zealand iliingiza kikao cha namna hii kwenye sheria yao ya watoto mwaka 1989, kutokana na mila za Wamaori, na sasa kinafundishwa vyuoni dunia nzima kama mbinu ya kisasa. Sisi tunacho, tunakitumia kwa mahari na mirathi, halafu likija suala la mtoto tunaandika barua ya kituo. Mwenye kuita awe mzee wa ukoo, si wewe. Wewe ukae pembeni na daftari. Ahadi za jumla usizipokee. "Tutawasaidia" haina uzito. Nani ataleta debe, la nini, tarehe ngapi? Nani atalima robo eka ya bibi msimu huu? Nani atalala pale bibi akiumwa? Andika majina, soma kwa sauti, kila mtu asikie jina lake. Uzoefu wangu ni kwamba nusu ya ahadi zitatimia, na nusu hiyo mara nyingi inatosha kuziba pengo.

Lakini uwe macho kwa mambo mawili kwenye kikao hicho. La kwanza: hali ya yule wa miaka 8 haitajwi. Sema "ana kliniki yake ya kila baada ya muda", basi. Ukiropoka hapo, utakuwa umemfukuza kijijini bila barua. La pili: atatokea shangazi au mama mdogo kutoka Dar es Salaam au Mbeya, amevaa vizuri, atasema, "Huyu msichana nimchukue mimi, nitamsomesha." Huenda ni kweli. Huenda pia anatafuta dada wa kazi wa miaka 11 asiyelipwa. Mikoa yetu hii, Njombe na Iringa, inajua habari hiyo vizuri mno. Usikatae hapohapo ukamvunjia heshima, ila omba jina la mtaa wake, jina la shule atakayosoma mtoto, na mwambie kwamba afisa ustawi wa huko atapita kumsalimia. Mwenye nia njema hatachukia. Na bado jiulize kama ni sawa kumtenga msichana na wadogo zake.

Dawa ni jambo jepesi kuliko linavyoonekana, ukilishika mapema. Nenda CTC, yaani kliniki ya VVU anakochukulia dawa, ukaongee na muuguzi. Mtoto aliyetulia kwenye dawa anaweza kupewa za miezi kadhaa kwa pamoja, hivyo safari zinapungua. Huyu amekosa mara mbili, kwa hiyo kwanza watataka kuona hali yake, na ni haki. Mhudumu wa afya wa jamii au mtu mmoja ambaye bibi mwenyewe amemchagua awe wa kumsindikiza. Uliza pia swali ambalo huenda halijaulizwa: dada na mdogo wake wamepimwa? Mama alifariki mwaka jana, na yule wa miaka 3 lazima ajulikane hali yake. Usisahau kwamba kumpeleka kituoni kungetaka kumhamishia CTC nyingine na watu wapya kadhaa kuijua siri yake. Mchungaji hajalifikiria hilo.

Kuna na vitu vidogo vya serikali ambavyo bibi huenda havijui. Ana zaidi ya miaka 60 na hana uwezo, anastahili matibabu bila malipo. Magoti yake yaangaliwe, asiambiwe ni uzee tu. Yule wa miaka 3 naye yumo kwenye msamaha wa watoto chini ya miaka mitano. Shule haina ada tangu 2016, lakini sare na michango ipo. Kaongee na mwalimu mkuu, na uulize kama uji wa shuleni unawafikia. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini: angalia kama kaya imo. Kama haimo, ongea na mratibu wa halmashauri, ila usimwahidi bibi chochote, kwa sababu usajili haufunguliwi kila siku na walengwa hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji. Nimeona maafisa wakiigeuza TASAF kuwa jibu la kila swali, na kaya ikakaa miaka miwili inasubiri dirisha.

Na wafadhili wa kituo? Wafuate. Nasema kweli, panda bodaboda uende. Waambie: "Mmesema mtawalea watatu mpaka chuo. Naomba theluthi ya fedha hiyo iende kwa bibi yao: mahindi, maharage, sare, na nauli ya kliniki. Nitawaletea taarifa kila baada ya miezi mitatu." Wengine watakataa, watakuambia utaratibu wao hauruhusu. Hapo utakuwa umejifunza kitu kuhusu utaratibu wao. Lakini wapo waliokubali, na nawafahamu wenye vituo ambao siku hizi wanasaidia watoto wengi majumbani kuliko walio kwenye mabweni. Rwanda waliamua kitaifa, kuanzia miaka ya 2012 na 2013, kufunga vituo hatua kwa hatua na kuwarudisha watoto kwenye familia, na Kenya wana mkakati wao wa 2022 hadi 2032 unaoelekea hukohuko. Hata mfadhili wa Ulaya sasa anaanza kuyasikia haya kwao.

Kuna hali ambazo ningekuambia uache yote niliyoandika na uwatoe watoto leo. Ukigundua kipigo, unyanyasaji wa kingono au mtu mzima anayeingia pale usiku bila sababu. Bibi akianza kupoteza kumbukumbu kiasi cha kuacha moto unawaka au mtoto anapotea. Akilazwa kitandani na hakuna mwingine. Au miezi miwili ya juhudi za kweli ikapita na watoto bado wanalala njaa. Kwenye ukatili hakuna kikao cha ukoo. Ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na hospitali moja kwa moja, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni ya bure, ipo kwa jirani, kwa mwalimu, hata kwa mtoto mwenyewe. Msichana wa miaka 11 mfundishe namba hiyo ukiwa naye peke yake. Mimi siwezi kuyaona hayo kutoka hapa nilipo. Nimesoma mistari kumi tu. Wewe ndiye utakayeingia ndani, ukae, uangalie wanapolala.

Hata ukilazimika kuwatoa, kituo si mlango wa kwanza. Kuna ndugu wengine, kuna familia ya kuaminika iliyoidhinishwa na halmashauri, kuna malezi ya kambo. Ikishindikana yote na kituo kikabaki, hakikisha kina leseni chini ya Kanuni za Makao ya Watoto za 2012. Watoto walale pamoja. Bibi apewe nauli ya kuwatembelea. Picha zao zisiwekwe kwenye mitandao ya kutafutia fedha. Tarehe ya kupitia upya shauri iandikwe siku ileile wanayoingia. Usimwandikie mtu "mpaka chuo". Andika miezi sita.

Neno moja kuhusu wewe. Umeandika kana kwamba uko peke yako na muhuri wako. Shauri hili lipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa maandishi, na kwenye jalada uandike kwa nini hujawapeleka watoto na unafanya nini badala yake, kwa tarehe. Mwenyekiti akilalamika juu, jalada litakujibia. Na tafuta mwenzako wa kata jirani mnayeweza kuongea kila mwezi juu ya mashauri mazito. Mabibi wanaolia hawatakwisha hapa Njombe. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa 2022/23 uliikuta mkoa huu na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, juu kuliko mkoa wowote, na wazee wetu wamekuwa wakilea wajukuu kwa zaidi ya miaka 30. Ukibeba kila mmoja peke yako hutafika mwaka wa tano.

Kuhusu mchungaji. Usimkwepe, na usimjibu mlangoni baada ya ibada, watu wakisikiliza. Mwendee nyumbani siku ya katikati ya wiki. Mshukuru kwa kuwakumbuka watoto, kwa sababu kweli amewakumbuka, kuliko hata baba yao. Mwambie hujakataa kuwasaidia, unaomba wasaidiwe walipo. Kisha mpe kazi, na iwe ndogo na ya kuhesabika: waumini wawili wa kumpelekea bibi kuni na maji Jumatano na Jumamosi, na pikipiki ya mmoja wao asubuhi ya kliniki ijayo. Ukiniambia amekubali ipi, tutajua tunaanzia wapi.